Mizani ya Kitisho na Mapambano: Ngano, Riwaya ya Upelelezi na Mchezo wa Kusimuliana

Utangulizi

Kila msimulizi anayetaka kuwatisha wasikilizaji wake hukabiliwa na tatizo moja. Shujaa wake akiwa na nguvu nyingi, hofu hutoweka. Akiwa hana nguvu yoyote, hadithi husimama, kwani hana la kutenda ila kungoja kuliwa. Baina ya ncha hizi mbili pana mizani, na kuipata mizani hiyo si jambo la bahati nasibu. Katika insha hii nakusudia kulitazama tatizo hilo kwa jicho la mwanaisimu, nikitumia mifano ya ngano za Unguja, riwaya ya upelelezi ya Kizanzibari, na aina moja ya mchezo wa kigeni ambao siku hizi unaanza kupata wapenzi miongoni mwa vijana wetu. Sifanyi hivyo kwa ajili ya nadharia peke yake. Niliwahi kuishi katika miezi ambayo mizani hiyo ilipotea, si kitabuni bali mitaani, na mtu akafa.

Kilichonisukuma kuandika ni swali nililoulizwa na wanafunzi wangu wachache hapa Tunguu. Vijana hao hukutana jioni wakacheza mchezo usio na ubao wala mshindi. Mmoja wao huwa msimulizi. Wengine hushika kila mmoja nafasi ya mhusika. Msimulizi hueleza mahali na tukio, kisha huuliza: unafanya nini? Mchezaji hujibu kwa nafsi ya kwanza, kwamba anawasha taa, anausukuma mlango, anakimbia. Panapokuwa na shaka kama tendo litafaulu, hurushwa dadu. Swali lao lilikuwa hili: wakiwapa wahusika bunduki na ujasiri, hakuna anayeogopa tena; wakiwanyang'anya, wachezaji huchoka na kwenda zao. Wafanyeje?

Nililipenda swali hilo kwa sababu ni la zamani kuliko mchezo wenyewe. Kabla ya kuendelea, sina budi kufafanua istilahi mbili. Kwa neno kitisho nakusudia hali ambayo kinachoogopwa hakijulikani umbo lake, wala mpaka wa uwezo wake, wala njia ya kukishinda. Kwa neno mapambano nakusudia hali ambayo adui anajulikana, anaonekana, na aghalabu anaweza kupigwa. Kitisho humfanya msikilizaji ajikunje; mapambano humfanya anyanyuke kitini. Hadithi nyingi zinazopendwa huhitaji yote mawili, na ugumu wote umo katika kujua lini liingie lipi.

Mchezo na hesabu zake

Michezo ya namna hii ilipata umbo lake la sasa nchini Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons. Huo ni mchezo wa mapambano. Mhusika huingia pangoni, huua majoka, huchukua hazina, na kadiri anavyoua ndivyo anavyozidi kuwa na nguvu. Mwaka 1981 kampuni ya Chaosium ikatoa mchezo mwingine, Call of Cthulhu, ulioandikwa na Sandy Petersen kwa kufuata ulimwengu wa mwandishi H. P. Lovecraft, ambaye hadithi yake yenye jina hilohilo ilichapishwa katika gazeti la Weird Tales mwaka 1928. Humo mambo yaligeuzwa. Mhusika si shujaa wa upanga bali ni mtu wa kawaida: mwalimu, mwandishi wa habari, mkutubi. Tena amepewa hesabu ya akili zake timamu, na kila anapoona jambo lisilostahili kuonwa, hesabu hiyo huweza kupungua. Kadiri anavyojua zaidi, ndivyo anavyokaribia wazimu.

Ipo hapa tofauti inayostahili kuzingatiwa. Katika mchezo wa kwanza maarifa ni silaha. Katika wa pili maarifa ni jeraha. Mwaka 2016 kampuni hiyohiyo ilitoa kitabu cha Pulp Cthulhu, kilichokusudia kuoanisha pande mbili. Jina lake linatokana na magazeti ya bei nafuu yaliyopendwa Marekani katika miongo ya mwanzo ya karne ya ishirini, yaliyochapwa kwenye karatasi duni na kujaa visa vya kasi, ngumi na risasi. Katika kitabu hicho mhusika huongezewa uhai maradufu, akaruhusiwa pia kutumia bahati yake kujiokoa. Basi anaweza kupigana. Hata hivyo hesabu ya akili haikufutwa. Mwili wake umeimarishwa, lakini akili yake imeachwa iendelee kuwa dhaifu.

Naona kwamba watunzi hao walifikia, kwa njia ya hesabu, kanuni ambayo bibi zetu waliijua kwa njia ya mazoea: mpe shujaa nguvu ya kutenda, usimpe nguvu ya kujua. Tuitazame kanuni hiyo katika ngano iliyokusanywa hapahapa Unguja.

Nunda na majina ya wanyama

Edward Steere, mmisionari aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, alichapisha mwaka 1870 mkusanyo wa ngano alizosimuliwa na watu wa hapa. Miongoni mwao imo ngano ya Sultani Majinuni na nunda mla watu. Wasomaji wengi wanaifahamu, kwa hivyo nitaigusa kwa ufupi tu.

Sultani ana paka. Paka anaanza kula mifugo. Watu wanakwenda kushitaki, naye sultani anawajibu kwamba paka ni wake na mifugo ni yake, basi aachwe. Paka anaendelea, kutoka wanyama wadogo anapanda kwa wakubwa, kutoka wanyama anapanda kwa watu. Muda wote huo sultani anamwita paka. Ni pale tu wanawe mwenyewe wanapoliwa ndipo anapokiri kwamba huyu si paka tena, ni nunda.

Msomaji atazame jinsi kitisho kinavyojengwa. Hakuna giza, hakuna mlio wa ajabu, hakuna damu iliyoelezwa kwa urefu. Kitisho chote kimo katika jina lisilolingana na kitu. Wasikilizaji wanajua kuwa huyu si paka, nao hawana uwezo wa kumlazimisha mwenye mamlaka aseme hivyo. Jina sahihi linapotamkwa, watu wamekwisha kufa. Hapo ndipo mapambano yanapoanza, kwani chenye jina kinaweza kutafutwa.

Anayekwenda kumtafuta ni mwana mdogo, yule aliyedharauliwa kwa kukaa jikoni. Naye hajui nunda alivyo. Anaua mbwa, akamkokota mpaka nyumbani akidhani ndiye. Mama yake anamwambia siye. Anatoka tena, anaua mnyama mkubwa zaidi, siye. Safari zinaendelea hivyo mpaka anafika kumwua ndovu, na huyo naye siye. Kila safari ni mapambano kamili, yenye ushindi, furaha na wimbo. Kila ushindi unazidisha hofu badala ya kuipunguza, kwa sababu ikiwa ndovu siye, basi mwenyewe yukoje? Msimulizi amewapa wasikilizaji mapambano tele bila ya kutumia hata chembe moja ya kitisho alichokiweka akiba.

Tena anapopatikana nunda mwenyewe, amelala. Kijana na watu wake wanampiga risasi, kisha wote wanakimbia bila ya kungoja kuona matokeo. Shujaa wa magazeti ya bei nafuu angesimama juu ya mzoga, mguu kifuani. Huyu amekimbia, na ushujaa wake haukupungua hata kidogo machoni mwa wasikilizaji, kwani wao pia wangekimbia. Hilo lilikuwa jibu langu la kwanza kwa wanafunzi wangu: msiwanyang'anye wahusika bunduki, wafanyeni wasiwe na hakika kwamba bunduki imetosha.

Bwana Msa penye mzimu

Mfano wa pili ni wa maandishi. Barabara inayopita hapa Tunguu, ukiifuata kuelekea kusini, hukufikisha Makunduchi, alikozaliwa Muhammed Said Abdulla mwaka 1918. Hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda katika mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1957/58, ikachapishwa kuwa kitabu mwaka 1960. Baadaye zikafuata riwaya nyingine za Bwana Msa, mpelelezi wa kujitegemea mwenye kiko mdomoni, pamoja na rafiki yake Najum na Inspekta Seif: Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, mpaka Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Abdulla alifariki mwaka 1991.

Wahakiki wameeleza mara nyingi jinsi Abdulla alivyoathiriwa na Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle. Sina ubishi na hilo. Linalonishughulisha mimi ni uteuzi wa majina. Mzimu, kwa watu wa shamba Unguja, si roho peke yake. Ni mahali pia, penye pango au mti au magofu, panapopelekwa ubani na nadhiri. Giningi nayo, katika masimulizi ya watu, ni makao ya wachawi. Kwa hivyo, kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza, jalada limekwisha kumwambia kwamba hapa pana jambo lisiloshikika. Ndani ya kitabu anakuta maiti, mali, wivu na uongo wa watu. Bwana Ali amekutwa amekufa penye mzimu, na kwa walio wengi jawabu liko tayari: ni wazee wa kale. Bwana Msa anavuta kiko chake, anauliza maswali madogo madogo, anakitoa kifo katika mikono ya mzimu na kukirejesha katika mikono ya binadamu.

Msomaji wa haraka anaweza kusema kwamba Abdulla ameua kitisho kwa mantiki. Mimi naona vingine. Bwana Msa hauvunji mzimu wala hawatukani wanaouheshimu. Kilichofumbuliwa ni kifo kimoja tu; mahali pamebaki palepale, na msomaji wa Makunduchi akipita njia hiyo usiku bado atahimiza miguu. Kwa kufanya hivyo mwandishi amegawa kazi: mpelelezi amepewa adui anayeweza kushikwa, na mandhari imeachiwa hofu isiyoweza kushikwa.

Tulinganishe na upande wa pili wa riwaya pendwa ya Kiswahili. Faraji Katalambulla alifungua njia Bara kwa Simu ya Kifo mwaka 1965, na katika muongo uliofuata Elvis Musiba akamleta jasusi Willy Gamba, mtu wa bastola, ndege na mahoteli makubwa. Hizi ni riwaya za mapambano, nami nilizisoma ujanani kwa hamu kubwa. Lakini sikumbuki hata siku moja niliyoshindwa kulala kwa ajili ya Willy Gamba. Adui zake wana majina, pasipoti na mabwana waliowatuma. Msomaji anaogopa kwa niaba ya shujaa kwa dakika chache, kisha risasi inalia na hofu inakwisha. Said Ahmed Mohamed, kwa upande wake, katika Babu Alipofufuka ya mwaka 2001, amemrejesha duniani mzee aliyekwisha kufa ili amkabili mjukuu wake mwenye cheo. Hapo bastola haina kazi, kwani aliyekwisha kufa hauliki. Haya ndiyo mawanda ambayo msimulizi wa Kiswahili anayo mbele yake, na mchezo wa vijana wangu unaweza kuchota pande zote.

Sarufi ya hofu

Sasa nije katika fani yangu. Lugha ya Kiswahili ina vifaa vya kisarufi vinavyomwezesha msimulizi kusogeza mizani kutoka kitisho kwenda mapambano, na kurudi, kwa silabi moja tu. Nitataja vitano.

Kwanza ni upatanisho wa ngeli. Kanuni ya jumla ni kwamba viumbe hai huchukua a- na wa- bila ya kujali umbo la nomino: kiboko amepita, vipofu wamekuja. Msimulizi anaposema kimepita, bila ya kutaja nomino, amesema mambo mawili kwa pamoja: kwamba pana kitu kinachokwenda, na kwamba hakimo katika jamii ya wenye uhai. Akisema limepita, ameongeza ukubwa. Mzimu umechukua u-, kama mti. Zimwi katika methali huchukua li-. Likujualo halikuli likakwisha. Viumbe hivi hutenda kama watu, lakini sarufi imewanyima utu. Siku msimulizi atakapobadili ki- au li- kuwa a-, msikilizaji atapumua, kwani a- ana shingo, na chenye shingo hukabika.

Pili ni mahali. Kiswahili hutofautisha pana mtu, kuna mtu na mna mtu. Pana hutaja mahali mahususi panapoelekezeka kwa kidole. Kuna hutaja eneo lisilo na mpaka. Mna hutaja undani. Msimulizi wa mapambano hutumia pa-, kwa sababu risasi hutaka shabaha. Msimulizi wa kitisho huanza na ku-, akamwacha msikilizaji ageuze shingo huku na huku, kisha akamalizia na m-: mna kitu mle. Undani ndio unaotisha zaidi, kwa kuwa ili kujua ni lazima uingie.

Tatu ni kauli za kitenzi. Mlango ulifunguliwa ni kauli ya kutendwa. Yupo aliyeufungua, hata kama hakutajwa, na mhusika anaweza kwenda kumtafuta. Mlango ulifunguka ni kauli ya kutendeka, hakuna aliyefungua. Tofauti ni kipande kidogo cha neno, lakini ya kwanza ni hadithi ya mwizi na ya pili ni hadithi ya jini. Taa ikazimika, kamba ikakatika, kitasa kikazunguka: mambo yanatokea, na watendaji hawamo.

Nne ni njeo na hali. Kiambishi -ka- ni farasi wa mapambano. Akaruka, akamkamata, akamwangusha, akakimbia: vitendo vinafuatana na kila kimoja kinafunga mlango nyuma yake. Kitisho hakiwezi kuishi katika -ka- kwa muda mrefu. Hutaka -ki-, yaani jambo linaloendelea bila ya kuonyesha mwisho wake: kilikuwa kikipumua, maji yalikuwa yakidondoka. Kwa hivyo niliwaambia vijana wangu wasikilize sauti zao wenyewe mezani. Wakisikia -ka- tatu mfululizo, wajue hofu imekwisha kutoka nje, na wakiitaka irudi sharti waliache jambo moja likiendelea.

Tano, nalo ndilo lenye uzito kuliko yote, ni kiambishi hu- cha mazoea. Ajabu yake ni kwamba hakikubali kiambishi cha nafsi wala cha ngeli. Huja usiku. Ni nani? Ni nini? Ni wangapi? Sarufi haisemi. Yaweza kuwa a-, wa-, ki-, li- au u-. Kitenzi chenye hu- kinatoa sheria bila ya kumtaja anayeifuata: huja usiku, hupita juu ya mapaa, huingia penye mlango uliofungwa. Sijui kifaa kingine katika lugha yetu kinachoweza kueneza hofu kwa maneno machache kama hiki, na nilikisikia kikifanya kazi mwaka 1995.

Mwaka 1995

Mwanzoni mwa mwaka huo, wakati wa mwezi wa Ramadhani, zilianza kuenea Pemba habari za popobawa. Jina lenyewe ni nomino ambatani, popo na bawa, na halikuwa geni. Wazee wa Pemba walikuwa wakisimulia habari zake tangu miaka ya 1960. Ikasemwa kwamba huja usiku, huwakandamiza watu usingizini na huwadhalilisha kwa namna ambayo adabu hainiruhusu kuieleza. Ikasemwa pia kwamba aliyefikwa hutakiwa awasimulie wenziwe, na asipofanya hivyo atarejewa. Habari hizo zikavuka bahari zikaingia Unguja, na baadaye Dar es Salaam. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, uliofanyika mwezi wa Oktoba, na nyoyo za watu zilikuwa zimekwisha kukazana kwa mambo mengine.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nikisomesha skuli moja ya sekondari, nikikaa Ng'ambo. Watu walihamisha magodoro nje. Tulilala mabarazani na uwanjani, jamaa kwa jamaa, moto ukiwaka katikati, watoto katikati zaidi. Kwa siku za mwanzo, na nalisema hili bila ya kejeli, kulikuwa na namna ya starehe katika mikesha ile. Majirani waliokuwa hawasemezani walikaa mkeka mmoja. Ilipikwa chai. Zilisomwa aya. Na zilisimuliwa hadithi, moja baada ya nyingine, zote kwa hu-: huja, hupita, hunuka, hukimbilia. Nilikuwa nimekwisha kuanza kuipenda taaluma ya lugha, na nikaona ajabu kwamba hakuna aliyesema alikuja. Aliyesema alikuja hulazimika kueleza alikuwa nani. Kila msimulizi alipokea sheria kutoka kwa mwenziwe, akaongeza sheria moja, akaipitisha.

Kisha uchovu ukaingia. Hofu isiyo na umbo haichukuliki kwa usiku mwingi mfululizo. Mtu hutamani kitu cha kupiga hata kama si chenyewe. Vijana wakaanza kuzunguka na marungu. Mazungumzo yakabadilika, na mimi niliyasikia yakibadilika: badala ya huja, watu wakaanza kusema yupo, na badala ya kuna, wakaanza kusema pale. Haukupita muda mrefu, mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati mjini Unguja kwa kudhaniwa kuwa ndiye.

Sikuwapo pale alipouawa. Habari ilitufikia barazani. Bibi mmoja jirani yetu, ambaye usiku uliotangulia alikuwa akisimulia zaidi ya wote, aliinama akasema kwa sauti ndogo, "Masikini, mtoto wa watu." Hakuna aliyeendelea na hadithi usiku ule. Tulikaa kimya, moto ukaachwa ukafa.

Nimelirudia neno lile ndiye mara nyingi katika akili yangu. Ni neno la ngeli ya watu. Mwana wa sultani, kila alipoua mnyama, aliamini kuwa ndiye, na mama yake akamwambia siye. Katika ngano yupo mtu mwenye haki ya kusema siye, na shujaa humsikiliza. Mjini mwaka ule hakutokea mtu wa kusema siye, au alitokea na sauti yake ikamezwa. Umati ulikwisha kuvuka kutoka kitisho hadi mapambano, na mapambano yakitoka katika kitisho kitupu, bila ya ushahidi, humwangukia aliye dhaifu kuliko wote, kwa kuwa yeye ndiye anayefikika.

Hitimisho

Kutokana na hayo yote, napendekeza mambo matatu kwa wanaosimulia, wawe wanaandika riwaya, wanatamba ngano au wanarusha dadu.

La kwanza, nguvu ya kutenda na nguvu ya kujua zitenganishwe. Shujaa na apigane, akimbie, afyatue, ashinde hata mara sita. Ilimradi kila ushindi umwonyeshe jinsi anavyojua kidogo. Hivi ndivyo ngano ya nunda ilivyofanya kabla ya dadu yoyote kurushwa.

La pili, kubadili ngeli kufanywe kwa makusudi. Msimulizi anapogeuza ki- kuwa a-, huwa ametoa ruhusa ya kupiga. Asiitoe kabla ya wakati, wala asiitoe kwa sababu wasikilizaji wamechoka. Uchovu wa hadhira si ushahidi.

La tatu, hadithi ya kutisha iwe na mwenyewe, tena ifungwe. Wasimulizi wa zamani wa Unguja walikuwa na desturi ya kumalizia kwa kusema kwamba ikiwa hadithi ni nzuri, uzuri wake ni wa wote, na ikiwa ni mbaya, ubaya wake ni wa aliyeitunga peke yake. Nilipokuwa mtoto nilidhani hayo ni maneno ya unyenyekevu tu. Sasa naona kwamba ni mkataba. Msimulizi ameifungua hofu mbele za watu, ameiongoza, na mwisho anaichukua mwenyewe ili wengine wakalale. Mchezo wa mezani nao una mkataba huo: yuko mtu anayejulikana kuwa ndiye msimulizi, iko saa ya kuanza na saa ya kufunga, na mchezaji anayesema basi husikilizwa. Wapo wazee walioniuliza kama michezo hii ya majini na mazimwi haiwaharibu vijana. Jibu langu ni kwamba hofu iliyo mikononi mwa msimulizi mwenye jina, inayofungwa usiku uleule, haijapata kumwua mtu katika mji huu. Iliyoua ni ile iliyosimuliwa na kila mtu, na wala haikuwa na msimulizi hata mmoja wa kusema kwamba ubaya wake ni wake.